Mkeka wa Kamari na Shamba la Mfipa

Neno mkeka ni la kale katika Kiswahili. Ni tandiko lililosukwa kwa ukindu. Msusi wa pwani husuka kwanza ukili, yaani utepe mrefu na mwembamba, kisha hushona ukili kwa ukili mpaka upana wa kumtosha mlalaji upatikane. Katika miaka ya karibuni neno hili limepewa maana ya pili na vijana wa Tanzania. Wacheza kamari ya mpira wa miguu huita mkeka lile dau moja lililofungamanishwa na matokeo ya mechi nyingi. Husema wamesuka mkeka, au wametandika mkeka. Na timu moja ikikosa kutimiza yale iliyotabiriwa, husema mkeka umechanika. Kitenzi chenyewe, kubeti, kimetoka katika Kiingereza, kikaingia katika kamusi karibu na beti za shairi, ambazo asili yake ni Kiarabu wala hazina udugu nacho. Kamari nalo ni neno la Kiarabu, na lilikuwa limekwisha zoea midomo ya Waswahili muda mrefu kabla ya mpira wa miguu kufika Afrika ya Mashariki.

Jina hili la mkeka ni zuri, walakini lina udanganyifu ndani yake. Mkeka wa ukindu ukifumuka ukili mmoja, mwenyewe huchukua sindano akaushona, na usiku ule ule akaulalia. Mkeka wa kamari ukifumuka mahali pamoja, mahali pengine tisa palipo pazima hapafai kitu. Hakuna sindano wala kiraka. Katika tofauti hiyo ndimo ilimo faida ya auzaye dau na hasara ya anunuaye. Kuijua asili yake hakuna budi kutazamwa sehemu mbili za dunia zilizo mbali sana: mji wa Liverpool huko Uingereza, ambamo kamari ya kuponi ilifanywa biashara kubwa, na uwanda wa juu wa Ufipa, ambako watu walikuwa na njia yao ya kale ya kupambana na mambo yasiyojulikana.

Kwanza yafaa kueleza jinsi dau hili linavyofanya kazi. Kampuni ya kubeti huipa kila mechi namba za malipo, ambazo wachezaji huziita odi. Timu ikiwa na odi ya 1.90, aliyeweka shilingi 1,000 juu yake hupewa shilingi 1,900 ikishinda, na hupoteza zote 1,000 isiposhinda. Hilo ni dau la mechi moja. Katika mkeka, malipo ya mechi ya kwanza hayamfikii mchezaji mkononi. Hufanywa dau la mechi ya pili, na ya pili huwa dau la tatu, hivyo hivyo mpaka mwisho. Kwa hiyo odi huzidishwa zenyewe kwa zenyewe. Mechi mbili zenye odi ya 1.90 kila moja hutoa 3.61; tano hutoa zaidi ya 24; kumi hutoa 613. Mtu mwenye shilingi 1,000 huonyeshwa katika simu yake kwamba akipatia mechi zote kumi atapata shilingi 613,000 na zaidi, naye huiona ng'ombe au pikipiki kuukuu mbele ya macho yake. Sharti ni moja tu: zote kumi zitimie. Tisa si karibu na kumi. Katika mkeka, tisa ni sawa na sifuri.

Sasa natutazame upande wa pili. Mwimbi ni kata ya wilaya ya Kalambo, mkoa wa Rukwa, kusini ya mji wa Sumbawanga, wala si mbali na mpaka wa Zambia. Wilaya ya Kalambo ilianza mwaka wa 2012. Kabla ya hapo nchi hiyo ilikuwa sehemu ya wilaya ya Sumbawanga. Ni nchi ya majani na upepo wa baridi, yenye miti michache, na wenyeji wake tangu zamani ni wakulima. Mahali ambapo msitu ulikuwa haba, Wafipa hawakuweza kutegemea majivu ya miti iliyokatwa, kama walivyofanya baadhi ya jirani zao, ili kurutubisha ardhi. Walibuni kilimo cha ntumba. Mvua zinapokaribia mwisho, mkulima hukusanya majani, akayafunika kwa mabonge ya udongo, likawa tuta la mviringo. Juu ya tuta hupandwa maharage au mboga, na ndani yake majani huoza yakawa mbolea. Msimu ufuatao tuta huvunjwa, udongo wake ukatandazwa, na ulezi ukapandwa.

Kilimo hicho kimewashangaza wataalamu waliokisoma, kwa kuwa kinalisha ardhi ambayo kwa asili ni maskini. Lakini pamoja na ufundi wa mbolea, mna ndani yake hekima ya namna nyingine. Maharage yakiharibiwa na mvua, ulezi haujaguswa. Ulezi ukipungua, yako maboga na mihogo. Ulezi nao husifiwa kwa jambo moja kuu: hukaa ghalani miaka mingi bila kuliwa na wadudu, hata mavuno ya mwaka mwema yakaweza kuwa chakula cha mwaka mbaya. Mfipa wa kale hakuweza kuijua mvua ya kesho, wala hakudai kuijua. Alichoweza ni kuzitenga hatari mbalimbali, kila moja peke yake, ili moja ikimwangukia zisimwangukie zote. Huu ni ujuzi wa kuishi na bahati, nao ni kinyume kabisa cha mkeka wa kamari. Mkulima hutenganisha hatari zake asiangamie kwa moja. Mtandika mkeka huziunganisha hatari kumi kwa hiari yake, ili moja yoyote iweze kumwangamiza.

Kamari ya mpira kwa kuponi ilikuwapo Uingereza kabla ya Vita Kuu ya kwanza, na mwaka wa 1920 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kukataza dau la mpira la fedha taslimu kwa kuponi. Haukupita muda njia ya kuizunguka ikaonekana. Mwaka wa 1923 vijana watatu waliofanya kazi ya kupeleka habari kwa waya wa simu katika mji wa Liverpool, mmoja wao akiitwa John Moores, walitoa kila mmoja pauni 50 wakaanzisha shirika la Littlewoods. Walipiga chapa kuponi 4,000 wakazigawa nje ya uwanja wa Old Trafford mjini Manchester. Zilirudi 35 tu. Wenzake wawili walikata tamaa wakajitoa. Moores akanunua sehemu zao, akaendelea, na baadaye akawa mmoja wa matajiri wakubwa wa Uingereza. Mchezaji aliandika utabiri wake, akautuma kwa posta, na fedha akazilipa baada ya mechi kuchezwa. Kwa kuwa malipo hayakuwa taslimu, sheria ya 1920 haikumkamata mtu.

Katika mchezo huo wa Moores fedha zote ziliwekwa katika chungu kimoja, shirika likachukua sehemu yake, na waliopatia wakagawana zilizobaki. Haikuwa mkeka hasa, maana hapakuwa na odi iliyoahidiwa kabla. Lakini ndimo watu wengi walimozoea fikira iliyo roho ya mkeka: kwamba mtu asitabiri mechi moja, bali nyingi kwa pamoja, na kwamba fedha kidogo sana yaweza kuzaa fedha nyingi sana. Tangu mwaka wa 1946 kuponi iliyopendwa kuliko zote ilimtaka mchezaji ateue mechi nane za sare miongoni mwa mechi zaidi ya hamsini za juma. Mfanyakazi wa kiwanda alikaa mezani na kalamu, akatia alama, akangoja Jumamosi jioni redio isome matokeo.

Wenye vilabu vya mpira hawakuipenda biashara hiyo. Mwanzoni mwa mwaka wa 1936 chama cha Ligi kilijaribu kuiua kwa kuficha ratiba: mechi za Jumamosi hazikutangazwa mpaka siku chache kabla, ili kuponi zisiweze kupigwa chapa. Jaribio hilo lilidumu majuma mawili. Watazamaji walipungua viwanjani, vilabu vyenyewe vikanung'unika, na chama kikarudi nyuma. Mwaka wa 1959 mahakama iliamua kuwa ratiba ni mali ya Ligi, na tangu hapo mashirika ya kuponi yakawa yanailipa Ligi ili kuitumia. Hivyo aliyekuwa adui akawa mlipaji. Yafaa kisa hicho kikumbukwe, kwa sababu kilijirudia katika nchi nyingine na katika zama nyingine, kama itakavyoonekana.

Sheria ya mwaka wa 1960 iliruhusu maduka ya kubeti, na ya kwanza yalifunguliwa mwezi wa Mei 1961. Hapo mkeka hasa ulipata soko la wazi. Wenye maduka, walakini, hawakukubali dau la mechi moja ya mpira. Mteja alilazimishwa kuunganisha mechi tatu au zaidi. Sababu yao iliyosemwa ilikuwa hofu ya mechi kuuzwa, kwani ni rahisi kumhonga mchezaji wa mechi moja kuliko wa mechi tatu. Hofu hiyo ilikuwa na haki. Tarehe 1 Desemba 1962 wachezaji watatu wa klabu ya Sheffield Wednesday, Peter Swan, David Layne na Tony Kay, waliweka madau juu ya kushindwa kwa timu yao wenyewe ilipocheza na Ipswich Town. Timu yao ilifungwa mabao 2 kwa 0. Aliyeongoza hila hiyo, mchezaji wa zamani Jimmy Gauld, alikuwa amepanga siku ile ile mechi nyingine mbili za ligi za chini, kwa maana maduka yalitaka mechi tatu. Gazeti liliifichua habari hiyo mwaka wa 1964, na Januari 1965 mahakama ya Nottingham iliwafunga: Gauld miaka minne, na wale watatu miezi minne kila mmoja, juu ya kufukuzwa katika mpira.

Kisa hicho hutajwa aghalabu kwa ajili ya aibu yake. Lakini kina fundisho jingine kwa mwanafunzi wa mkeka. Watu hao walikuwa wanaujua mpira kwa ndani, walicheza wenyewe. Hata hivyo hawakuutegemea ujuzi wao kutabiri mechi tatu. Walijua kwamba mechi moja isiyo na uhakika yatosha kuharibu nyingine mbili zenye uhakika. Kwa hiyo kabla ya kutandika mkeka walizinunua zote tatu. Kama wachezaji wenyewe hawakuthubutu kutegemea maarifa kwa mechi tatu, kijana aliye kilomita elfu kadhaa kutoka uwanjani atategemea nini kwa mechi kumi?

Siku kesi ile inasikilizwa Tony Kay hakuwa tena mchezaji wa Sheffield. Mwezi ule ule wa Desemba 1962 alikuwa amenunuliwa na Everton, klabu ya Liverpool, ambayo mwenyekiti wake tangu mwaka wa 1960 alikuwa yule yule John Moores wa kuponi. Jina la Everton halina budi kuwekwa akilini, kwani litarudi.

Afrika ya Mashariki ilipopata uhuru ilirithi fikira za sheria za Kiingereza juu ya kamari. Kenya ilitunga sheria yake ya kubeti, bahati nasibu na michezo ya kamari mwaka wa 1966. Tanzania ilitunga sheria ya madau ya pamoja na bahati nasibu mwaka wa 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha, ambalo lilifundisha kwamba msingi wa maendeleo ni watu na juhudi yao, wala si fedha. Mwaka wa 1974 ilifuata sheria ya Bahati Nasibu ya Taifa. Kwa miaka mingi kamari halali aliyoijua Mtanzania wa mikoani ilikuwa tiketi ya bahati nasibu hiyo, yenye namba ambazo mnunuzi hakudai kuzijua. Alinunua, akangoja, akakosa, akaendelea na kazi yake. Hakujiona mtaalamu wa namba.

Sheria hizo mbili zilifutwa na Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka wa 2003, ambayo iliunda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, ikaweka leseni na kodi, na kumkataza asiyetimiza miaka 18. Miaka mitano baadaye, mwaka wa 2008, fedha za simu ziliingia Tanzania. Mambo hayo mawili, leseni na simu, yalipokutana na televisheni za kulipia zinazoonyesha ligi za Ulaya, njia ya mkeka ilikuwa imesafishwa mpaka vijijini. Kabla ya hapo kamari ilimtaka mtu aende ilipo. Tangu hapo imemfuata alipo, shambani na kitandani, na fedha humtoka bila ya kuzishika wala kuzihesabu.

Mwaka wa 2014 kampuni ya SportPesa ilianza kazi Kenya, na mwezi wa Mei 2017 ilifunga mikataba ya udhamini na Simba na Yanga, vilabu viwili ambavyo mapenzi yake huigawa Tanzania nzima hata katika nyumba moja. Mwezi ule ule ilitangazwa kuwa mdhamini wa jezi za Everton. Tarehe 13 Julai 2017 Everton ilicheza na Gor Mahia ya Kenya katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, ikashinda mabao 2 kwa 1. Hivyo klabu iliyowahi kuongozwa na mwenye kuponi za Liverpool ilishuka katika pwani ya Waswahili ikiwa imevaa jina la kampuni ya kubeti iliyozaliwa Nairobi. Na lile la mwaka wa 1959 likawa limetimia hapa pia: mpira ukawa unalishwa na kamari inayoulisha.

Serikali hazikunyamaza. Januari 2019 Uganda ilitangaza kwamba haitatoa leseni mpya za kubeti michezo, na Julai mwaka huo Kenya ilikataa kuhuisha leseni za kampuni nyingi, zikiwamo zile kubwa. Sababu iliyotajwa kote kuwili ilikuwa vijana. Lakini biashara haikufa katika nchi yoyote kati ya hizo, kwa maana ina kitu ambacho bidhaa chache zinacho: mnunuzi huona kila alichokosa kuwa kimemkaribia.

Hapo ndipo hesabu inapohitajika, nayo ni hesabu ya shule. Chukua mechi ambayo kila upande una nafasi sawa, 50 katika 100. Kwa haki, odi yake ingekuwa 2.00. Kampuni haitoi 2.00, itatoa, kwa mfano, 1.90, na tofauti hiyo ndiyo ujira wake. Mtu akiweka shilingi 1,000 mara nyingi juu ya mechi mojamoja za namna hiyo, kwa wastani zitamrudia 950. Hasara ya 50 yavumilika. Ni kama kiingilio cha mchezo. Lakini katika mkeka ujira huo hukatwa katika kila mechi, na kukatwa tena juu ya ule uliokwisha katwa. Mechi zikiwa kumi, nafasi ya kupatia zote ni 1 katika 1,024. Malipo ya haki yangekuwa shilingi 1,024,000. Yaliyoahidiwa ni 613,000. Maana yake ni kwamba kwa kila shilingi 1,000 zinazowekwa katika mikeka ya namna hiyo, kwa wastani 599 tu hurudi kwa wachezaji wote pamoja, na 401 hubaki. Aliyeuza mechi mojamoja alipata 50. Akiziuza zimefungwa pamoja hupata mara nane. Basi haishangazi kampuni zikitoa nyongeza za malipo kwa mwenye kutandika mkeka mrefu. Ni sawa na muuza kamba kumpongeza mnunuzi kwa urefu wa kamba aliyojifunga.

Msomaji atasema kwamba mwenye akili hachagui mechi za nusu kwa nusu. Huchagua timu kubwa zisizofungwa ovyo. Na tuchukue timu kumi ambazo kila moja ina nafasi 80 katika 100 ya kushinda. Nafasi ya zote kumi kushinda si 80. Ni chini kidogo ya 11 katika 100. Na nafasi ya tisa kushinda na moja tu kukosa ni karibu 27 katika 100. Yaani mtandika mkeka makini atakosa kwa mechi moja zaidi ya mara mbili kwa kila mara moja atakayoshinda. Juma hili atalaumu penalti, juma lijalo atamlaumu kipa, juma la tatu mwamuzi. Kila mara ataona kwamba alijua, ila kitu kimoja kilimwonea. Walakini hakuonewa. Kukosa kwa mechi moja ndilo tokeo la kawaida la mkeka wa namna yake, kama vile vumbi lilivyo la kawaida kiangazi.

Sumbawanga yenyewe ililiona jambo hili kwa macho. Mwezi wa Oktoba 2020 Simba, bingwa wa nchi, ilifika katika uwanja wa Nelson Mandela mjini humo kucheza na Tanzania Prisons. Katika mechi za juma lile ni wachache waliokuwa na sababu ya kudhani kuwa Simba ingeshindwa. Ilifungwa bao 1 kwa 0. Kila aliyekuwa ameiweka Simba katika mkeka wake, awe Mwanza au Mtwara, alipoteza mkeka wote, hata kama mechi zake nyingine zote ziliitika. Wenyeji waliokuwa uwanjani walishangilia. Mpira uliwapa furaha halali, ya mdogo kumshinda mkubwa. Hilo ndilo linaloufanya mpira uwe mpira, kwamba bingwa aweza kuanguka Sumbawanga. Na hilo ndilo linaloufanya mkeka uwe mtego, kwa sababu huuzwa kana kwamba bingwa haanguki.

Hatari ya mkeka ni ya wote, lakini haina uzito mmoja kwa wote. Mwenye mshahara wa kila mwezi akipoteza dau lake, mwezi ujao utamletea mshahara mwingine. Katika nchi kama ya Mwimbi fedha huja kwa msimu. Mahindi na maharage huvunwa na kuuzwa katika miezi ya kiangazi, na ligi za Ulaya huanza mwezi wa Agosti, wakati ambao fedha za mavuno ziko ndani ya nyumba na kazi za shamba zimepungua. Fedha hizo si ziada. Ndani yake mna mbegu na mbolea ya msimu unaokuja, ada na sare za watoto, dawa, na deni la dukani. Aliyezitia katika mikeka ya Agosti na Septemba haoni hasara yake siku ile. Ataiona mvua zitakapoanza, anapopanda bila ya mbolea, na ataiona tena wakati wa mavuno haba. Hasara ya dakika tisini humfuata mwaka mzima.

Tena mkulima wa sasa amekwisha kuwa na mikeka mingine asiyoichagua. Mahindi ya kuuza yameichukua nafasi kubwa iliyokuwa ya ulezi, na mwaka wa 2017, Serikali ilipozuia mahindi kuuzwa nje ya nchi, bei ilianguka vibaya katika mkoa wa Rukwa. Aliyekuwa ameweka ardhi yake yote katika mahindi aliona jinsi inavyokuwa mtu akitegemea jambo moja. Kwa mtu wa hali hiyo kamari haiji kama mchezo. Huja kama njia ya kutokea. Hapo ndipo penye huzuni ya jambo hili. Yeye hatandiki mkeka kwa kuwa ni mvivu, kama wasemavyo wakubwa wakimkaripia. Hutandika kwa kuwa ameona jasho halimpatii mtaji, na kwamba hakuna mtu mwingine anayemwahidi laki sita kwa shilingi elfu.

Wako watetezi wa kubeti, nao wasinyimwe haki yao. Husema kwamba dau la shilingi mia chache ni burudani iliyo rahisi kuliko pombe. Kwamba kampuni hulipa kodi, huajiri watu, na hudhamini vilabu ambavyo bila ya hizo fedha vingeshindwa hata nauli. Na kwamba mtu mzima ana uhuru wa fedha yake. Hayo ni ya kweli kadiri yalivyo. Anayetoa shilingi mia tano akijua kwamba amenunua jioni moja ya kushangilia katika kibanda cha kuonyeshea mpira hajadanganywa. Lakini hoja hiyo husimama juu ya neno moja, kujua. Bei ya soda imeandikwa dukani. Bei ya mkeka haikuandikwa. Imejificha ndani ya kuzidisha, na kadiri mkeka unavyorefuka ndivyo bei inavyopanda na ndivyo ahadi inavyong'aa. Mtu huwa huru kununua kitu anapoonyeshwa bei yake.

Basi, tangu kuponi 35 za Old Trafford mpaka simu ya kijana wa Mwimbi imepita karne moja. Posta imekuwa simu, duka limekuwa kiganja, na sheria zimetungwa na kufutwa. Kitu kilichouzwa hakikubadilika: hatari nyingi zilizofungwa pamoja zikaitwa bahati moja kubwa. Wafipa walikuwa na elimu ya kuzifungua hatari hizo na kuziweka kila moja katika tuta lake. Elimu hiyo haikuandikwa katika kitabu cha hesabu, lakini ni hesabu ile ile, nayo ingeweza kufundishwa leo katika shule za Ufipa kwa mifano miwili ubaoni, ntumba upande mmoja na mkeka upande wa pili. Mtoto atakayeelewa kwa nini babu yake hakupanda mbegu zote katika tuta moja atakuwa ameelewa, kabla ya kupata simu yake ya kwanza, kwa nini tisa katika mkeka si karibu na kumi.